Jumba la Sultani Halina Mana

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimehamishwa. Kutoka ofisi ya mipango, yenye feni na chai ya saa nne, hadi Jumba la Sultani, lenye popo. Barua inasema mimi sasa ni "msimamizi wa jumba la sanaa ya kisasa". Mama amenipigia simu kutoka Meru akauliza, "Kinanu, hicho ni cheo ama umekosea mtu?" Nimemwambia nikijua nitamwambia.

Kaunti imepaka rangi, imeweka stima, na Desemba jumba litafunguliwa. Kazi yangu ya kwanza ni kuandika historia yake, ibandikwe ukutani pale mlangoni. Nitaanzia wapi? Isiolo hii sijasikia iliwahi kuwa na sultani.

Jumatano, 8 Oktoba

Mzee Ridwan amenipa funguo leo. Yeye ni mjukuu wa Haji Ridwan aliyejenga jumba, na yumo kwenye kamati yetu. Mzee mwembamba, ndevu za hina, hasemi neno kabla hajalipima.

"Babu yangu alikuwa anauza ng'ombe," alisema. "Biashara ikampeleka mpaka Aden. Akaona majumba ya huko, akarudi na wazimu. Mawe akavuta na maksai. Watu wakacheka, wakasema huyu sasa amekuwa sultani. Yeye akafurahi!"

Kisha akafungua ukumbi. Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Lakini juu ya madirisha ya magharibi kuna vioo vya rangi, na saa tisa hivi jua lilikuwa limevishika. Sakafu yote ilikuwa nyekundu na buluu na manjano, na kanzu nyeupe ya Mzee Ridwan ikawa na rangi hizo hizo. Dari ni la mwerezi na bado linanukia, baada ya miaka yote hiyo ya kuwa ghala la mahindi, kisha shule, kisha mahakama. Nilisimama nikasahau nilichotaka kuuliza. Niliona haya kidogo, maana nilikuwa nimelidharau hili jumba tangu nje.

Nilipopata ulimi nikauliza, "Na nyanya yako alipapenda?"

Mzee akaanza kutafuta ufunguo mwingine ambao hatukuuhitaji. "Andika hiyo ya mahindi," akasema.

Alhamisi, 9 Oktoba

Joto. Popo hawana habari kwamba wamefukuzwa.

Jumanne, 14 Oktoba

Msanii amekuja. Anaitwa Darmi Yattani, Mgabra aliyelelewa hapa hapa mtaa wa Tullu Roba, na kazi zake zimeonyeshwa Nairobi na ng'ambo. Kamati imempa katikati ya ukumbi, mahali pa heshima. Mimi nilitarajia rasta na pete ya pua. Akaja mama mzima wa miaka arobaini na kitu, buibui jeusi, raba za michezo miguuni.

Alizunguka ukumbi kimya. Akagonga ukuta kwa kidole kama mtu anayenunua tikiti maji. Akatazama dari, akatazama sakafu. Kisha akasema, bila hata kupunguza sauti:

"Hii jumba haina mana."

"Unasema?"

"Haina mana. Lakini si mbaya, tutaiwekea." Na akatabasamu!

Wiki nzima nimekuwa napangusa vioo vile mwenyewe kwa gazeti na siki. Mgeni wa siku moja humu jumbani anakuja kuniambia halina maana, tena eti yeye ndiye atakayetuwekea maana? Nimeiandika vile vile alivyosema kwenye ripoti ya kamati. Nimepigia mstari.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kamati imekaa. Mwenyekiti wetu ni Mzee Mutembei, mwalimu mkuu mstaafu, Mmeru mwenzangu, mtu wa kofia ya manyoya hata kwenye jua la Isiolo. Alisoma ripoti yangu kwa sauti. Alipofika kwenye mstari akavua miwani.

"Haina maana? Hii jumba?"

"Ndiyo alivyosema, Mwenyekiti."

"Basi asituletee maana yake. Tumshukuru, aende."

Mahali pake atapewa mchoraji wa Nairobi mwenye picha kubwa za twiga. Mzee Ridwan alikuwa amekwenda msibani, hakuwapo. Mimi nilirudi nyumbani nikiimba.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu. Mawingu yamerundikana upande wa milima ya Nyambene. Kwetu ni vumbi tu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Leo nimekufa kwa aibu, na nimefufuka nikiwa mtu mwingine kidogo.

Darmi alikuja na barua ya kamati mkononi. Nyuma yake, ameshikwa mkono na dereva wa pikapu anayeitwa Ekaale, alikuwa bibi mmoja mzee sana, mrefu, anayetazama kando ya vitu badala ya kuvitazama. Ni mama yake. Kila mtu mtaani humwita Akoo, yaani nyanya.

"Madam," Darmi akasema, "mimi nilikukosea wapi?"

"Ulisema jumba letu halina maana."

"Mimi?"

"Ulisimama pale pale. Hii jumba haina mana, ulisema."

Alinitazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi, akamweleza mama yake kwa Kiborana, na bibi naye akacheka bila meno. Ekaale, ambaye ni Mturkana na nilidhani ni wa upande wangu, akacheka pia.

"Madam, mana ni nyumba!" Darmi akasema akipangusa machozi. "Mana! Nyumba ya mwanamke, ya fito na mikeka. Mimi nimesema hii jumba ni kubwa, ni mzuri, lakini ndani hakuna nyumba. Na mimi ndiyo nilikuwa nataka kuleta nyumba."

Kuuliza si ujinga, tuliimbishwa hivyo shuleni mpaka koo likakauka. Nimeishi Isiolo miaka mingi, nanunua maziwa ya ngamia kwa wanawake hawa kila asubuhi, na sijawahi kuuliza wanaitaje nyumba.

Nikawapa chai, na Darmi akanieleza. Kwao nyumba ni ya mwanamke, si ya mwanamume. Binti akiolewa, mama yake anafungua nyumba yake mwenyewe, anampa nusu ya fito na nusu ya mikeka, na kwa hiyo nusu binti anaanza nyumba yake. Akoo alikuwa na nyumba kubwa iliyojulikana. Kabale, binti wa kwanza, aliolewa Merti, akaenda na nusu. Wa pili aliolewa Oldonyiro na mfanyabiashara wa mifugo, akapewa nusu ya iliyobaki. Wa tatu akaolewa Ngaremara, akapewa nusu ya hiyo. Sasa Akoo ana kibanda ambacho mbuzi akiingia, mtu anatoka.

"Na wewe?" nikauliza.

"Mimi sikuolewa." Alisema kama mtu anayesema leo ni Alhamisi. "Wa mwisho, sina mume, sina mana. Nakaa nyumba ya mabati."

Akoo ana presha ya macho. Daktari amesema kufikia mwaka ujao ataona mwanga tu, pengine hata mwanga asiuone. Na kitu anachotaka ni kimoja: aione nyumba yake tena ikiwa nzima. Ndiyo kazi ya sanaa ya Darmi. Dada zake watatu wakileta vipande vyao kwa siku chache, nyumba isimame katikati ya ukumbi, chini ya vile vioo, mama aione wakati bado kuna cha kuona nacho.

Akoo alikunywa chai yake, akapapasa ukuta, akaniambia kwa Kiswahili chake: "Mawe mzuri. Lakini atahama aje?"

Nami nilikuwa nimemfukuza binti yake. Kwa herufi moja.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimekwenda kwa Mwenyekiti kumwambia. "Miaka thelathini nimekaa hapa," akasema, "na hakuna mtu aliniambia hiyo neno."

"Hatukuuliza, Mzee."

"Usiniambie hatukuuliza! Wewe ndiye uliandika." Kisha akapoa. "Lakini Kinanu, kibanda cha mikeka ndani ya ukumbi kama ule? Wageni watasema tulikosa picha."

Nilipokuwa napiga mstari chini ya yale maneno nilikuwa nafikiri kama yeye.

Jumanne, 28 Oktoba

Kamati tena. Mwenyekiti alisema uamuzi ni uamuzi. Ndipo Mzee Ridwan akaomba nafasi, akasimama, jambo ambalo halifanyi.

"Salaam aleikum. Kinanu aliniuliza kama nyanya yangu alipapenda hapa. Mimi nikamwambia habari ya mahindi. Ukweli ni kwamba nyanya yangu hakulala hapa hata siku moja. Babu alimjengea jumba, yeye akaingia, akatazama, akasema hii ni nyumba ya babu. Akajenga yake hapo nje uani, ya fito na mikeka, na sisi Wasomali pia hiyo ni kazi ya mwanamke. Akazaa watoto wote ndani yake, akafia humo. Babu alikuwa analala peke yake huku juu, kama mlinzi. Sisi familia tunaficha hii maneno kwa sababu watu watacheka. Huyo msanii hajatukana mtu. Amesema kile nyanya yangu alisema."

Mzee Mutembei akavua kofia, akaivaa tena.

"Twiga wakae kwa korido," akasema.

Nimekuja kuandika upya historia ya mlangoni. Sentensi ya kwanza: Jumba hili lilijengwa na Haji Ridwan kwa ajili ya mke wake, na mke wake hakukaa humo. Mzee Ridwan ameisoma, akasema iache hivyo.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua! Imekuja mchana, kubwa, kutoka Nyambene. Na kipande cha Ngaremara kimefika kabla yake, juu ya pikapu ya Ekaale.

Jumatatu, 10 Novemba

Cha Oldonyiro kimefika, pamoja na kile kidogo cha Akoo mwenyewe. Dada wa pili na wa tatu wamekaa sakafuni na Darmi, wanachambua kamba. Fito zimepindwa kwa miaka mpaka haziwezi tena kunyooka, na rangi yake ni kahawia ya kung'aa kwa moshi na siagi. Nilinusa moja. Ilinukia watu. Ukumbini kuna picha za bei, zina taa zake, na mimi nashinda nikitazama rundo la fito. Nikitoka hapo kwenda kula narudi haraka, kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

Jambo moja nimejifunza: kila ufito una mahali pake, na wale dada wanapajua. Wamepanga sakafuni umbo la nyumba, na upande mmoja wote, nusu nzima, ni sakafu tupu. Hiyo ni Merti.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua. Akoo analetwa kila siku na kukalishwa mlangoni. Leo aliniuliza kama mimi ni mwanamke ama nguzo. Hakuwa anatania.

Ijumaa, 14 Novemba

Habari mbaya kutoka Merti, na si ya mvua.

Kabale amepiga simu. Mumewe, Mzee Waqo, amekataa. Kumbe kuna jambo ambalo hakuna aliyenieleza, kwa sababu kwao halihitaji kuelezwa: mwanamke akipakia nyumba yake na kuirudisha kwa mama yake, ameachana na mumewe. Hakuna karatasi, hakuna korti. Nyumba ikionekana juu ya ngamia au juu ya lori ikielekea kwa mama, ndoa imekwisha. Dada wa Ngaremara ni mjane na wa Oldonyiro mumewe ni mtu wa mji, wao haikuwasumbua. Lakini Waqo ni mzee wa kuheshimiwa huko Merti.

Darmi aliweka simu kwenye spika. Sauti ya Waqo haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lilinivunja moyo. Mzee Ridwan alinitafsiria polepole: "Anasema, mimi namheshimu mama mkwe. Lakini hiyo lori itapita Biliqo, itapita kila mahali, na watu watasema Waqo ameachwa uzeeni. Nitamwambia nani kwamba ni sanaa?"

Hakuna aliyemlaumu. Hata Darmi hakumlaumu. Alikaa kwenye ile nusu tupu ya sakafu, na Akoo akauliza kitu, na wale dada wawili wakainamia kamba zao.

Jumapili, 16 Novemba

Nimemwombea Mzee Waqo kanisani. Padre angeshangaa ninavyoomba siku hizi.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua. Mto Ewaso Nyiro umejaa. Hata Waqo akikubali, lori halipiti.

Jumamosi, 22 Novemba

Mvua.

Jumatatu, 24 Novemba

Mvua. Mzee Mutembei amekuja kutazama nusu ya nyumba. Nilidhani atasema tuwarudishe twiga. Alisimama kwenye ukingo, pale fito zinapokoma, mikono nyuma kama mwalimu wa zamu.

"Hii ya Merti, ndiyo kubwa?"

"Ndiyo, Mzee. Nusu nzima."

"Mke wangu alipokufa," akasema, "nilibaki na nyumba ya mawe ya vyumba vitano." Kisha akaniuliza kama Merti kuna mtandao, nikamwambia upo ukisimama mahali pazuri. Akachukua namba ya Waqo.

Jumanne, 25 Novemba

Walizungumza karibu saa nzima. Kiswahili cha Mutembei na Kiswahili cha Waqo, nadhani walielewana nusu. Nilimuuliza amemwambia nini. "Nimemwambia kama anaogopa watu, aje akalie hiyo nyumba watu wamwone."

Jumatatu, 1 Desemba

Jua. Laga, ile mito ya msimu, zimeanza kukauka. Kutoka Merti kimya.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimelia leo mchana, barabarani, mbele ya watu, na sijali.

Lori la ng'ombe liliingia mjini kutoka kaskazini likiwa na tope mpaka kwenye vioo. Juu kabisa, juu ya fito na mikeka iliyofungwa kama mzigo wa ngamia, aliketi mzee wa kilemba cheupe, fimbo mapajani, mgongo umenyooka. Kando yake mkewe, Kabale. Ni Waqo. Amekaa juu ya ile nyumba tangu Merti. Kila kituo alikuwa anawasalimia watu yeye mwenyewe, kwa sauti: Salaam aleikum, tunakwenda kusalimia mama mkwe, mimi na mke wangu. Ili asiwepo mtu wa kusema mke ameondoka na nyumba. Wameondoka pamoja, watatu: mume, mke na mana.

Alishuka hawezi kunyoosha magoti. Mzee Mutembei akamshika. Walisalimiana muda mrefu bila neno la maana hata moja, habari ya mvua, habari ya njia, habari ya mbuzi.

Ijumaa, 5 Desemba

Wanawake wamejenga. Nilifunga mlango, wanaume wakabaki nje na Waqo na twiga. Nilidhani nitatazama tu, lakini Kabale alinipa ncha ya ufito akasema, "Shika, usiachilie." Nikashika mpaka mkono ukafa ganzi.

Nimeona kanisa kuu la Nairobi na nimepanda ndege mara moja. Sijawahi kuona kitu kikisimama hivi. Fito zilizokaa mbali miaka thelathini ziliinama zikakutana, kila moja ikapata shimo lake. Mikeka ikapanda. Saa tisa jua likapita kwenye vioo vya Haji Ridwan na nyumba yote ikawa nyekundu na buluu.

Akoo hakuletwa leo. Darmi alisema asubiri kesho.

Jumamosi, 6 Desemba

Ufunguzi. Viti vimejaa, wageni wa kaunti mbele, maikrofoni, hema nje, pilau. Mzee Mutembei na hotuba yake ya kurasa nyingi.

Kabla ya hotuba Darmi alimleta Akoo. Bibi alisimama mbali, akageuza kichwa kando, kwa sababu sasa anaona kwa pembe ya jicho tu. Akaitazama hivyo kwa muda mrefu. Kisha akazunguka nyumba yote, mkono ukipita juu ya mikeka, na kila alipofika kwenye kipande cha binti fulani akataja jina lake. Kabale. Kisha la wa pili. Kisha la wa tatu. Alipofika kwenye kipande chake mwenyewe, kile kidogo kando ya mlango, akasimama.

Akaanza kukifungua.

Mgeni mmoja wa mbele akaniita, "Madam, anaharibu!" Mimi ndiye msimamizi, na nimebandika mwenyewe ukutani USIGUSE. Nilimwambia mgeni akae.

Darmi akamkimbilia. "Aayo, mama, unafanya nini?"

Mzee Ridwan alikuwa ananitafsiria sikioni. Akoo alikuwa amevuta mikeka yake na fito zake, akazigawa sakafuni kwa kupapasa, huku nusu, huku nusu. Akasukuma nusu moja kuelekea kwa bintiye.

"Aayo, sina mume."

"Nimekuuliza habari ya mume? Nimekwambia ushike kamba."

Darmi hakusogea. Msanii wa kuonyeshwa ng'ambo, mikono imening'inia. Dada zake watatu wakapiga vigelegele, na Waqo, huko nyuma, akagonga sakafu kwa fimbo. Ndipo Darmi akapiga magoti akashika kamba. Hakuwahi kufunga nyumba maishani mwake, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa, na fundo la kwanza likafunguka, na la pili. Kabale akataka kumsaidia, Akoo akampiga kofi mkononi. Alimwacha Darmi afunge mwenyewe mpaka fundo likakaza. Machozi yalikuwa yanamdondoka Darmi juu ya mikeka, na hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi.

Nyumba ikawa nzima tena, na sasa ilikuwa ya wanawake watano.

Akoo akainama, akaingia. Tulingoja atoke. Hakutoka. Darmi alichungulia, akageuka, akaweka kidole mdomoni.

Mzee Mutembei alikuwa tayari kwenye maikrofoni, hotuba mkononi. Akasikiliza. Kutoka ndani ulikuja mkoromo, mwembamba, wa mtu aliyefika kwake. Akaikunja hotuba, akazima maikrofoni, akavua kofia yake ya manyoya, akakaa chini sakafuni kwenye mwanga wa rangi. Wageni wa kaunti wakatazamana, kisha mmoja mmoja wakashuka kwenye viti vyao wakakaa pia. Tukakaa wote hivyo, mpaka alipoamka mwenyewe.